Jina la Shipo Halimo

Shipo, Guizhou
11 Machi 1984

Kwako Dada Huifen,

Nakuandikia nikiwa nimekaa karibu na jiko, blanketi magotini kama bibi kizee. Naomba ikukute mzima, na mguu wa Mama uwe umepungua uvimbe. Mwambie bado nakula kabla ya kwenda kazini, asinihangaikie. Huku baridi imegoma kuondoka. Ukungu unatufikia mpaka mlangoni, na shati ukilianika Jumatatu hulivai kabla ya Jumamosi. Wifi yako Meiqing anawasalimu. Kazi za zahanati ni zile zile. Sweta ulilomtumia nimelivaa mimi, kwake lilikuwa kubwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu Mwaka Mpya hatujapata agizo hata moja. Miaka kumi na minane maagizo yamekuwa yakija yenyewe: gari la mkoa linapanda mlima, karatasi inashuka, beringi kadhaa za ndege, beringi kadhaa za magari ya jeshi, na sisi tunatengeneza. Hatukuwahi kuuliza nani anazitaka. Mwaka huu gari halikuja. Mkurugenzi Ke alituita wote katika pango la kwanza, lile lenye mashine kubwa, akatusomea kwamba serikali inapunguza mambo ya vita na kwamba viwanda vya milimani vitajitafutia riziki. Tupo watu elfu moja na mia mbili, Dada, ukiacha watoto. Mtu mmoja kule nyuma akauliza, "Tuitafute wapi? Hapa kuna mawe." Watu walicheka. Ke hakucheka.

Basi tumeamua kutengeneza mashine za kufulia. Najua unatabasamu. Lakini fikiria: mashine ya kufulia ni pipa, ni mota, na ni beringi ya kubeba mzunguko. Pipa mtu yeyote atakunja. Mota tutanunua. Beringi ndiyo inayoharibu mashine za siku hizi zote, zinapiga kelele kama gari la ng'ombe na baada ya mwaka mmoja zinavuja. Na beringi ndicho kitu mimi na wewe tulichokuwa tukikitengeneza Shanghai kabla wengine hawajajua hata kuitamka. Nimekwisha kuchora. Bado wiki nane hivi tumalize ya kwanza.

Wewe uko ofisi ya mipango ya viwanda. Najua kuna mambo huwezi kuyasema, na sitaki uyaseme. Nakuuliza yale tu mtu anayoweza kuyasema kwenye foleni ya mboga. Huku tunasikia kwamba wakubwa watachagua viwanda vichache vitakavyoruhusiwa kutengeneza vitu vya nyumbani, na visivyochaguliwa havitapewa chuma. Ni kweli? Kama ni kweli, tumwandikie nani, na tuseme nini?

Nisalimie majirani wote, hata Mama Qiu wa ghorofani.

Mdogo wako,
Zongde


Shanghai
2 Mei 1984

Zongde mdogo wangu,

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Mama alikohoa mwezi mzima. Sasa ameacha kukohoa, ameanza kulalamika, kwa hiyo najua amepona. Mguu uko vile vile. Paa la jikoni limevuja, na sisi nyumba nne tunaotumia jiko hilo tumegombana juu ya nani atoe turubai, mpaka Mama Qiu akatoa lake huku akitusema. Tangu mume wangu Xu afariki, mpaka leo sijazoea kugombana peke yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akinijazia maneno.

Nimekutumia pipi za maziwa na kilo moja ya tambi. Pipi ni za wifi, usizimalize wewe.

Umeuliza habari za ofisi. Mimi ni mpiga chapa, Zongde. Karatasi zinaingia, zinatoka. Mkono unasoma, kichwa hakisomi. Ukifanya vinginevyo kwenye meza yangu utaumwa.

Huko hakuna kitu kingine mnachoweza kutengeneza? Pampu za mashambani, kwa mfano, au vipuri vya matrekta ya mkoa wenu? Nauliza tu.

Na tafadhali usituletee mashine hapa. Najua tabia yako. Treni zimejaa, na chumbani ukiingiza kiti inabidi mtu mmoja atoke.

Vaa soksi mbili. Mwambie wifi aandike siku moja kwa mkono wake, nimeusahau mwandiko wake.

Dada yako,
Huifen


Shipo
24 Mei 1984

Kwako Dada Huifen,

Tambi zimefika, na pipi, ahsante sana. Mguu wa Mama umenifanya niote nipo stesheni ya Shanghai namtafuta kwenye umati. Mwambie asicheke. Meiqing mzima, kazi nyingi, atakuandikia.

Umechelewa kunikataza. Mashine iliondoka hapa tarehe tisa. Tuliishusha mlimani kwa lori, tukaifunga ndani ya magodoro mawili, na mtu wa mizigo akaniapia kwamba itasimama wima safari nzima. Ikifika imelala, isimamishe siku moja kabla ya kuiwasha.

Pampu tumeziwaza. Kiwanda cha wilaya kinazitengeneza, mbaya lakini rahisi, na wakulima wanataka rahisi. Sisi kazi yetu ni vitu vizuri, ndiyo shida yetu.

Nikueleze siku tuliyoijaribu, kwa sababu nataka uione. Beringi ya mashine hiyo aliikereza mwanamke mmoja, jina lake Long Caiyun. Ni mtu wa vijiji vya huku huku. Tulimchukua mwaka ule wa kwanza akiwa na miaka kumi na saba, hajawahi kuona taa ya umeme, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipimo. Leo mimi namuuliza yeye. Akitaka kujua kama beringi ni nzima anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini anautia sikioni, anafumba macho. Alizikataa kumi na moja. Ya kumi na mbili alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Hii imenyamaza."

Tuliitoa nje kwenye uwanja wa mpira wa vikapu. Wanawake wote wa nyumba za kiwanda wakaleta suruali za kazini zilizoganda grisi, na watu wa kijijini wakashuka kutazama. Ilipoanza kuzunguka kila mtu alingoja kelele, na kelele haikuja. Ulisikia maji tu. Bibi mmoja wa kijijini akamuuliza Caiyun, "Na mikono yenu sasa mtaifanyia nini?"

"Tutaikalia, bibi," Caiyun akasema.

Ke alilia, Dada. Mtu mzima, mwanajeshi wa zamani, aligeuka akajifanya anatazama ukuta.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Iwashe. Halafu umwite yeyote wa ofisini kwako mwenye macho aje aione. Sikuombi umwambie neno. Aione tu, ikiwa inazunguka.

Zongde


Shanghai
19 Agosti 1984

Zongde mdogo wangu,

Joto la mwaka huu limetushika kooni. Mama analala kwenye kiti cha mianzi uchochoroni mchana kutwa, na kila apitaye anasalimiwa na kuulizwa wewe utarudi lini, hata mtu wa posta.

Mashine yako ilikaa ghala la stesheni siku thelathini na nane kwa sababu karatasi moja ilikosa muhuri. Nilikwenda mara tano. Mwishoni waliitoa, na vijana wa mtaani wakaileta kwa baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Uchochoro ulijaa. Mama Qiu alituambia kama ni jokofu yeye ana nyama, na kama si jokofu ipite haraka. Tuliiweka jikoni, tukahamisha jiko la makaa la kina Pan hadi mlangoni, na kina Pan hawajanisemesha tangu siku ile.

Niliiacha siku moja kama ulivyosema. Jumapili tukaiwasha. Taa za nyumba nzima zilififia. Halafu ikazunguka, na nikajua mara moja kwamba ni kazi yako, kwa sababu sikusikia kitu. Mama aliomba apelekwe karibu. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakaa nacho mpaka shuka zikaisha. Akasema, "Inatetemeka kidogo tu. Zongde alikuwa hivi akiwa na homa."

Sasa kila Jumapili nafulia nyumba saba. Mama Qiu amejipangia zamu ya kwanza, na amesahau habari ya nyama.

Mtu wa ofisini alikuja. Ni Naibu Mkurugenzi Lou, mkubwa wa kitengo chetu, mtu wa haki, nakuambia hivyo mapema. Aliitazama nusu saa. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji akaweka sikio. Aliuliza ni nani aliyekereza, nikamwambia ulivyoniambia. Alisema ni kazi nzuri sana.

Hayo ndiyo ninayoweza kukuandikia. Vaa vizuri, usinywe pombe ya mahindi ya huko. Wifi hajaandika.

Huifen


Shipo
6 Oktoba 1984

Dada Huifen,

Natumaini Mama hajambo.

Orodha imefika juzi. Ke aliisoma kwa kipaza sauti, viwanda vyote vilivyoruhusiwa, jina moja baada ya jingine, na alipomaliza alirudia tena kutoka juu kwa sababu watu walidhani ameruka mstari. Jina la Shipo halimo. Kwenye karatasi ya pili limo. Ile ni ya viwanda vitakavyofungwa, kuunganishwa au kuhamishwa.

Jioni nilimwomba Ke anipe nakala nikaisome mwenyewe. Mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo, imeandikwa siku rasimu ilipopigwa chapa, na jina la aliyeipiga. Tarehe 27 Februari. Yao Huifen.

Mimi nilikuandikia tarehe 11 Machi.

Sina zaidi.

Zongde


Shanghai
21 Oktoba 1984

Zongde,

Salamu utaziona mwisho, nikifika huko.

Ni kweli. Niliipiga chapa mwenyewe, siku mbili, nakala nane. Nilipofika kwenye Shipo vidole vilisimama, nikadhani nimekosea safu, nikarudi kwenye karatasi ya mkono, haikuwa kosa. Nikaipiga. Kisha nikaenda chooni nikakaa. Barua yako ilipofika, yenye pipa na mota na beringi, niliisoma nimesimama mlangoni, na Mama akauliza unasemaje, nikamwambia unasema kuna ukungu.

Ingekuwa kosa la sheria kukuambia. Mtu wa chumba cha pili alifukuzwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini sitajificha nyuma ya sheria, kwa sababu ningeweza kukuandikia "acha", neno moja, na ungeelewa. Nilikuandikia pampu. Nilijua hutaelewa. Labda nilitaka usielewe. Nilifikiri ukimaliza mashine angalau utakuwa umeimaliza.

Nikueleze alichosema Naibu Mkurugenzi Lou kwa ukamilifu, kwa sababu nilikupa nusu. Alipoinuka sakafuni, magoti yote yameloa, alisema, "Kiwanda hiki kingekuwa Suzhou ningekuwa nimekwisha kupiga simu." Nikamwambia orodha bado ni rasimu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanijibu kama mtu mzima mwenzake, si kama mpiga chapa. Alisema viwanda zaidi ya mia mbili vimeomba. Kila mkoa, kila wilaya, hata viwanda vya mabomu na vya sindano, wote wanataka kutengeneza mashine za kufulia. Chuma hakitoshi, mota hazitoshi. Kila mmoja akipewa kidogo, wote watatengeneza takataka, na baada ya miaka mitano watu watanunua za Wajapani. Taifa halina budi kuchagua. Na mashine inayotoka kwenu inapanda milima miwili kwa lori, kisha siku tatu kwenye reli, kabla mtu yeyote hajaiona. "Mashine yao ni nzuri kuliko mahali pao," alisema. Nilimuuliza watu watakwenda wapi. Akasema hilo liko kwenye kitengo kingine.

Kuna jambo moja zaidi, na afadhali ulisikie kwangu. Kiwanda kimoja cha hapa, kilichomo kwenye orodha, kimeiona beringi yako. Lou aliwapeleka kwetu. Wanataka michoro. Nilikataa kukuomba. Wakasema basi wataiomba kwa barua rasmi kupitia mkoa, na mkoa utatoa. Kwa hiyo nakuambia, sikuombi.

Sasa lile jingine. Tangu mwaka 1966 sijawahi kulitamka. Nusu ya kiwanda chetu ilipohamishiwa huko, kila nyumba yenye wafanyakazi wawili ilitakiwa kutoa mmoja, na jina lililosomwa lilikuwa langu. Xu alikuwa na kifua kibovu, madaktari walikwisha sema akinifuata hewa ya unyevunyevu itamuua. Wewe ulikuja mezani kwa Mama, ukaweka bakuli chini, ukasema, "Nitakwenda mimi." Ulikuwa na miaka ishirini na saba. Nilimpata Xu miaka mitano zaidi kwa sababu hiyo, na kila bakuli la wali nililokula naye nilijua limetoka kwako. Halafu miaka kumi na minane baadaye orodha nyingine inakuja, na wa kuipiga chapa ni mimi. Sikuweza kuwa mtu wa kukupa habari ile. Hiyo ndiyo sababu, wala si nzuri.

Mama hajambo. Anakusalimu. Hajui chochote.

Huifen


Shanghai
3 Februari 1985

Zongde mdogo wangu,

Hujajibu. Ni haki yako.

Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi umekaribia. Nimekutumia nyama iliyokaushwa na sufu ya kijivu. Mama amekatazwa chumvi na anaipata kwa Mama Qiu kwa siri. Kila Jumapili bado tunafua. Pamevuja kidogo kwenye bomba, fundi wa mtaani amerekebisha. Beringi haina kitu.

Nikuulize, kisha ninyamaze. Meiqing yuko wapi? Nimezisoma tena barua zako za miaka miwili. Katika zote yeye ni mzima na ana kazi nyingi.

Huifen


Shipo
28 Machi 1985

Kwako Dada Huifen,

Anayekupa barua hii mkononi ni Long Caiyun mwenyewe, na furushi alilobeba ni michoro. Mkaribishe. Hajawahi kutoka mkoani. Hatakula kitu kitamu, na nyinyi wa Shanghai mnatia sukari hata kwenye samaki, kwa hiyo mpe wali na pilipili na umwache.

Nimekaa na barua yako miezi mitano, na si kwa sababu ya hasira. Hasira ilikwisha Novemba. Nilikaa nayo kwa sababu uliniandikia ukweli, na nisingeweza kukujibu bila kuandika wa kwangu.

Nianze na Meiqing. Aliondoka Machi mwaka juzi. Alipata uhamisho kwenda Suzhou kwao, hospitali ya mjini. Tulikubaliana kwamba ningemfuata. Kila mwezi nilimwandikia kwamba bado kidogo, kuna mashine ya kumalizia, kuna mtu wa kumfundisha. Mwaka jana mwezi wa nane alileta karatasi za talaka kwa posta, zimejazwa vizuri, pamoja na barua ya heshima. Hakunigombeza. Alisema alichoka kuishi na mtu ambaye yuko pangoni hata akiwa mezani. Nilitia sahihi. Habari ya sweta sikuongopa, kweli kwake lilikuwa kubwa, ila hakuwapo alipime.

Sasa mwaka 1966. Siku ile jina lako liliposomwa kiwandani, ilikuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimekwisha jiandikisha Jumanne. Kulikuwa na daftari la wanaojitolea kwenye chumba cha chama, na mimi nilikuwa wa tatu. Nyumba yetu ilikuwa imekwisha toa mtu wake kabla karani hajafungua mdomo, ila orodha yake ilikuwa imekwisha andikwa. Ningeweza kusema pale pale. Ningeweza kukuvuta pembeni kwenye lango nikakuambia katika nusu dakika. Nilikuacha utembee mpaka nyumbani na uso ule, nikangoja Mama apakue, ndipo nikaweka bakuli chini.

Nilitaka kwenda, Huifen. Tulikuwa watu watano chumba kimoja, mimi nalala nyuma ya pazia nasikia kifua cha shemeji. Na niliamini. Walisema taifa litajenga viwanda mahali bomu lisipofika, na mimi nilijiona nabeba taifa zima kwenye sanduku la zana. Kisha ukaanza kunishukuru, kwenye stesheni, kwenye barua, kwa tambi na pipi na sufu, na ilikuwa tamu kushukuriwa nikiwa huku kwenye ukungu. Kila mwaka nilisema nitakuambia mwakani. Huna deni kwangu la Xu. Kula wali wako.

Kuhusu orodha. Lou yupo sahihi, na nimejitahidi sana nimkute na kosa. Walituleta mahali bomu lisipofika, na mnunuzi pia hafiki. Kama ningekuwa mimi mezani kwake ningechagua alivyochagua. Lakini kuna jambo ningemwambia, na unaweza kulipeleka kwa kuwa si siri. Orodha yake imehesabu majengo, mashine, tani za chuma na umbali wa reli. Hakuna safu ya mtu kama Caiyun. Ilichukua miaka kumi na minane kupata sikio lile, na serikali ililipia kila mwaka wake bila kujua inanunua nini. Wakiwatawanya watu wetu, huyu auze mboga, yule arudi shambani, kitu ghali kuliko vyote walivyojenga milimani kitakuwa kimetupwa, na hakuna atakayepiga chapa hasara hiyo kwa sababu haina jina.

Ndiyo maana nilipopata barua ya mkoa ya kutaka michoro niliandika kwamba michoro peke yake haitoshi, wataharibu chuma mwaka mzima. Nilisema tutaitoa na fundi wa kuwafundisha miezi sita, mwenye mshahara wa fundi wa daraja la saba, na jina lake litaandikwa kwenye mchoro chini ya langu. Walibishana mpaka Februari. Wamekubali. Ke alimwita Caiyun ofisini akamwambia. Caiyun akaniuliza, "Na wewe, mwalimu?" Nikamwambia hawakuniomba mimi. Akasema, "Basi wamekosea kuomba." Ni mara ya kwanza kumsikia akimsema mkubwa.

Mashine zimehama wiki iliyopita. Shipo imeunganishwa na kiwanda cha pembezoni mwa Guiyang, wamechukua watu mia nne, vijana hasa. Wengine wamepewa kiinua mgongo. Nami nilipewa nafasi Guiyang, meza na dirisha. Nimeomba nibaki mpaka mapango yafungwe, tupo kumi na mmoja, walinzi na wazee. Kuna chumba cha zana ambacho tumeachiwa, na mashine tatu za kukereza ambazo hazikustahili nauli. Wilaya imeleta pampu zake sita tuzitazame. Ulisema pampu, nakumbuka. Si sera ya taifa hii. Ni pampu sita tu.

Usinililie. Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya pango la kwanza. Jana lori la mwisho liliposhuka tulizima umeme mkubwa, na baada ya hapo kukawa na sauti fulani, sote tukatazamana, tukadhani bomba limepasuka. Mzee Deng akaenda kuangalia. Alirudi akicheka. Ulikuwa mto. Uko hatua mia mbili kutoka hapa, nimeuvuka kila siku ya maisha yangu ya huku, na kwa miaka kumi na tisa mashine na feni za mapango zimekuwa zikiunguruma usiku na mchana, sikujua kama una sauti.

Niandikie, Dada. Hata kama huna habari. Andika kwamba Mama amekula, kwamba Mama Qiu amegombana na mtu.

Zongde